Triathloni ya Alcatraz, San Francisco: maji ya nyuzi 13, ukungu na upepo. Tuongee maandalizi kabla mtu hajajiandikisha

Mtongoni (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wakuu,

Kila ikikaribia Juni napata meseji kutoka kwa ndugu zetu walioko Marekani, na siku hizi hata walioko nyumbani, wakiuliza kuhusu triathloni (mbio za kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo) ya San Francisco, ile inayoanzia kisiwa cha Alcatraz. Karibu wote wanauliza kitu kimoja: ninunue suti gani ya kuogelea, ile ya mpira ya kukinga baridi (wetsuit)? Nimeona bora nifungue uzi, niandike ninachokijua, na wenye uzoefu mwingine waongezee.

Msimamo wangu nauweka mapema, asiye na muda wa kusoma yote aondoke nao. Suti vaa, tena nzuri, lakini suti siyo inayokuvusha. Kinachokuvusha ni pumzi iliyozoeshwa baridi wiki kadhaa kabla, na kujua maji yanaelekea wapi saa ile unayoruka. Ukikosa hivyo viwili, ni heri uende ukashangilie wenzako.

Kwa wasioijua: mbio hizi zilianza 1981. Asubuhi mnapanda meli mjini, watu wapatao 2,000, meli inakwenda kusimama karibu na kisiwa, milango inafunguliwa na watu wanaruka mfululizo mpaka meli inabaki tupu ndani ya dakika chache. Hakuna kuingia maji kidogo kidogo. Unaogelea kilomita 2.4 hadi kaufukwe kadogo upande wa Marina, unapanda baiskeli kilomita 29 za vilima, halafu unakimbia karibu kilomita 13. Humo kwenye kukimbia kuna mchanga wa Baker Beach, na kutoka ufukweni kuna ngazi zipatazo 400 za kupanda, za magogo na mchanga.

Sasa maji. Tanga wakati wa kaskazi bahari hufika nyuzi 29, na hata kusi livume namna gani, Julai unaogelea kwenye nyuzi 25 hivi. San Francisco mwezi Juni utakuta kati ya 12 na 15. Mwili wa mtu wa pwani haujawahi kuambiwa kitu kama hicho.

Ngozi ikiguswa ghafla na maji ya namna hiyo, kifua kinavuta pumzi kwa nguvu bila kukuomba ruhusa. Mdomo ukiwa chini ya maji wakati huo, umevuta maji. Baada ya hapo unahema kwa kasi, moyo unakwenda mbio na presha inapanda. Profesa Mike Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, amelitafiti jambo hili kwa miaka mingi. Kilele chake ni nusu dakika ya kwanza, na kwa kawaida hali hutulia baada ya dakika mbili tatu. Kuna mwingine, Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, anayefundisha hesabu ya moja, kumi, moja: una dakika 1 ya kuitawala pumzi, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakusikia, na saa 1 kabla baridi haijakuzimisha fahamu. Hesabu hiyo ni ya mtu asiye na suti kwenye maji ya baridi kali. Suti inarefusha ile kumi na ile saa. Ile dakika ya kwanza haiondoi, kwa sababu uso na viganja viko wazi, na maji yanapenya kwenye zipu na kuteremka mgongoni.

Kwa hiyo wanaozama mapema hawafi kwa kuganda. Wanaishiwa pumzi wakiwa bado na joto lote mwilini. Naomba hili lieleweke, kwa sababu watu wengi wanajiandaa kwa adui asiye yeye.

Habari njema ni kwamba mshtuko huu unazoeka haraka. Ukiingia maji ya baridi dakika mbili au tatu, mara tano au sita kwa siku tofauti, unapungua karibu nusu, na mazoea hayo hukaa mwilini kwa miezi. Namna yake: usianze na kuogelea. Ingia mpaka kifuani, mwenzako akiwa ufukweni anakutazama, na kazi yako iwe moja tu, kutoa pumzi polepole kwa mdomo mpaka kifua kiache kurukaruka. Toka, jifute, vaa. Kesho kutwa rudia. Pumzi ikishatii ndipo uweke uso majini na kutoa mapovu. Kuogelea kwa umbali kuje baadaye.

Angalia vidole vyako unapozidisha muda. Kidole kidogo kinajitenga na vingine, unakiamuru kirudi hakirudi. Kiganja kinakuwa wazi, unavuta maji yanapita katikati. Hiyo ndiyo alama ya kutoka, hata kama kichwani unajiona una nguvu.

Siku ya mbio beba chupa ya maji ya baridi melini. Zamu yako ikikaribia jimwagie usoni, shingoni na ndani ya kola ya suti. Unaporuka shika miwani kwa kiganja. Ukiibuka ondoka mlangoni upesi maana kuna anayekuja juu yako, kisha sogea pembeni, geuka chali, toa pumzi. Waache wapite wote wanaotaka kupita.

Jambo la pili ni mkondo, na hapa sisi wa pwani tuna akiba. Mtoto wa mvuvi anajua bamvua (siku za kujaa na kupwa kukubwa) na maji mafu (siku za kudogo) kabla hajajua kusoma. Ghuba ya San Francisco inapumua kupitia mlango mmoja wenye upana wa kama kilomita 1.6, pale chini ya daraja la Golden Gate. Humo humo yanatokea maji ya mito Sacramento na San Joaquin, ambayo hukusanya maji ya karibu asilimia 40 ya jimbo zima la California, na mwanzo wa kiangazi yamo na maji ya theluji iliyoyeyuka milimani. Maji yakianza kupwa, katikati ya ghuba panakwenda kama mto kuelekea magharibi, na wewe unakata kwenda kusini. Ukilenga ufukwe unaotaka kufikia, umeshaupita. Unalenga mashariki yake. Wenyeji hutumia majengo mawili marefu ya ghorofa yaitwayo Fontana, halafu baadaye kuba la Palace of Fine Arts. Ukungu ukiyafunika, fuata boti na kayaki za waangalizi, usifuate kofia ya mwogeleaji aliye mbele yako. Naye huenda hajui aendako.

Alcatraz ilikuwa gereza la serikali kuu toka 1934 hadi 1963. Desemba 1962 mfungwa John Paul Scott alitoroka kwa kuogelea, akajifungia glavu za mpira zilizojazwa upepo ili zimsaidie kuelea. Mkondo ulimpeleka mpaka Fort Point, chini ya daraja lenyewe, akakutwa kwenye miamba hoi kwa baridi, hata kusimama hawezi. Nchi kavu aliifikia. Lakini hakuchagua mahali pa kufikia. Na kisiwani husimuliwa kwamba wafungwa walipewa maji ya moto ya kuoga ili miili yao isizoee baridi. Iwe kweli au iwe hadithi, aliyeisimulia kwanza alikuwa anayajua maji.

Karibuni tuchangie. Wenye baiskeli naomba msinyamaze.

---

Bahari_Kilifi

Shukran sana ndugu yangu, uzi umeshiba. Mimi nina swali la mtu wa pwani kabisa. Juni huko si ni kiangazi? Jua lote lile la California tunaloliona kwenye picha, mbona bahari iwe baridi hivyo? Nilidhani labda ni theluji ya milimani pekee, lakini naona hata wanaoogelea nje ya ghuba wanalia.

---

Mtongoni

Bahari_Kilifi, swali zuri mno. Theluji ina sehemu yake ndogo, mwenye kosa hasa ni upepo. Kuanzia masika yao hadi kiangazi, upepo wa kaskazini magharibi unavuma sambamba na pwani. Kwa sababu dunia inazunguka, maji ya juu yaliyosukumwa na upepo hayaendi ulikokwenda upepo, yanapinda kuelekea baharini. Yakiondoka, pengo linajazwa na maji kutoka chini kabisa, na huko chini jua halijawahi kufika. Kwa hiyo upepo wa kiangazi ndio unaoleta baridi ya kiangazi. Hewa yenye unyevu inayopita juu ya maji hayo inageuka ukungu, na ukungu unaingia mjini kupitia mlango ule ule wa Golden Gate. Ndiyo maana San Francisco joto lake la kweli huja Septemba, upepo ukishalegea.

Na jambo hili si geni kwetu. Kusi likivuma, pwani ya Somalia hufanya vivyo hivyo, maji ya chini yanapanda na samaki wanajaa. Huku kwetu Tanga na Kilifi kusi linatusukumia maji kuelekea pwani, ndiyo maana hatuoni baridi ile.

---

Mswahili_wa_Maskati

Naongezea hapo hapo. Huku Oman sisi wa Maskati Juni tunaogelea kwenye maji yanayopita nyuzi 30, lakini ukishuka Salala wakati wa kharifu (msimu wa kusi wa huko) bahari inapoa, inachafuka, na ukungu unashuka milimani mpaka majani yanaota. Wazee wanasema ni kusi, basi.

Sasa mkuu Mtongoni, mimi nina nia kabisa na mbio hizi. Nitazoeaje baridi nikiwa Maskati? Bomba la maji baridi nyumbani kwangu linatoa maji ya moto.

---

Nesi_Minnesota

Habari kaka zangu na dada zangu. Mimi ni nesi wa wodi ya moyo, na ni mwogeleaji wa maziwa ya huku. Nataka kuongezea upande wa moyo, maana naona watu wanazungumzia baridi kana kwamba ni ya vidole tu.

Kuna utafiti uliotoka 2017 kwenye jarida la Annals of Internal Medicine, ulioangalia triathloni za Marekani toka 1985 hadi 2016. Walikuta watu 135 waliofariki au kusimama moyo. 90 kati yao ilikuwa wakati wa kuogelea. Wengi walikuwa wanaume, na kati ya miili iliyofanyiwa uchunguzi, karibu nusu walikutwa na tatizo la moyo au mishipa. Si wote walijijua kuwa nalo.

Kwa nini kuogelea? Ngozi ya mwili ikipata baridi ghafla, moyo unaamriwa kwenda mbio. Uso ukizama na pumzi ikizuiwa, moyo unaamriwa kwenda polepole. Amri mbili zinazopingana zikifika kwa pamoja, mapigo yanaweza kwenda mrama. Shattock na huyo huyo Tipton waliandika juu ya hili 2012. Ukichanganya na msongamano wa watu, suti inayobana shingo na hofu, unaona mwenyewe. Ndiyo maana nakubaliana na Mtongoni kwamba kutoa pumzi ndiko kwanza. Anayetoa pumzi hajaizuia.

La pili, mapafu. Kuna hali ambayo mtu mzima wa afya, anayejua kuogelea vizuri, mapafu yake yanaanza kujaa maji yanayotoka ndani ya mwili wake mwenyewe, wala hajameza ya bahari. Baridi inasukuma damu kutoka mikononi na miguuni kuja kifuani, suti inabana, na yeye anajituma kwa nguvu zote. Dalili ni kikohozi kisichoisha, pumzi yenye mkoromo, makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Ukiona hivyo usijiambie utapona ukifika ufukweni. Simama, inua mkono, waite kayaki, toka majini ukae wima.

Kola ya suti ikikubana shingoni nyumbani, majini itabana zaidi. Jaribuni suti kwenye maji ya baridi kabla ya siku yenyewe.

---

Kijana_wa_Tukuyu

Wakuu mimi nitapinga kidogo. Nimezaliwa Tukuyu, tunaoga maji ya mto asubuhi toka utotoni, na baridi ya kwetu watu wa Dar wakija wanavaa makoti mawili. Nafikiri mtu aliyekulia nyanda za juu ana mwili tofauti, hahitaji kupoteza wiki nzima za kusimama majini. Bafu ya baridi kila siku inatosha.

---

Mtongoni

Kijana_wa_Tukuyu, nakuheshimu na baridi ya Tukuyu naijua. Umeanza safari mbele yetu, sikatai. Ila bafu inakumwagia mgongo huku uso uko nje na miguu iko chini kwenye sakafu. Unahema unavyotaka. Baharini kichwa kinazama, wimbi linakupiga unapogeuka kuvuta hewa, na chini hakuna sakafu. Mwili unazoea kile hasa ulichoufundisha. Bafu itakupunguzia mshtuko wa ngozi. Bado utahitaji kujifunza kutoa pumzi uso ukiwa ndani ya maji ya nyuzi 13. Fanya hayo machache ukiwa na mwenzako, utaona mwenyewe yanaenda haraka kwako kuliko kwetu wa Tanga.

Mswahili_wa_Maskati, sijakusahau. Tafuta pipa kubwa au bafu la kuzama, jaza maji, tia barafu mpaka kipimajoto kisome 14 hivi. Kaa dakika mbili tatu mtu akiwa chumbani na wewe, usiwe peke yako hata siku moja. Siku za mwisho zama uso, toa mapovu. Halafu kama uwezo upo, fika San Francisco siku kadhaa mapema ukaingie pale Aquatic Park. Ni ghuba ndogo iliyokingwa, ndipo zilipo klabu mbili kongwe za waogeleaji, South End ya 1873 na Dolphin ya 1877. Utaona wazee wa miaka 70 wanaingia maji yale bila suti kabisa, mwaka mzima, wanatoka wanazungumza. Hawana mwili wa ajabu. Wamezoea.

---

Mama_Nasra

Assalam alaykum. Mimi siogelei, nimeletwa humu na mume wangu. Ana miaka 49, ana presha, anameza dawa kila siku, na ameshalipia mbio za namna hii huku Kanada. Ziwa ni baridi. Amesoma post ya Mtongoni akafurahi, akaruka post ya dada Nesi. Nimsomee mimi? Kwa kweli nina wasiwasi.

---

Nesi_Minnesota

Wa alaykum salaam dada Mama_Nasra. Msomee, tena umsomee mkiwa mmetulia. Presha peke yake haimkatazi mtu kuogelea, lakini baridi inapandisha presha ghafla hata kwa mtu mzima wa afya, na kuna dawa za presha zinazobadilisha jinsi moyo unavyoitikia mazoezi na baridi. Asiache dawa wala asipunguze mwenyewe kwa ajili ya mbio. Aende kwa daktari wake aseme waziwazi, kwa mfano: nataka kuogelea kilomita moja na nusu kwenye maji ya nyuzi 15. Watu wengi wanamwambia daktari "nafanya mazoezi", daktari anafikiria kutembea. Apimwe moyo ipasavyo. Na kama shemeji amewahi kubanwa kifua, kuzirai au moyo kurukaruka wakati wa mazoezi, asiingie majini mpaka aonane na daktari.

---

Gurudumu_Arusha

Mtongoni umesema wenye baiskeli tusinyamaze. Nipo Oakland, ng'ambo ya ghuba, nimetokea Arusha.

Watu wakitoka majini wanafikiri baridi imekwisha. Hapana. Joto la ndani ya mwili linaendelea kushuka hata baada ya kutoka, halafu unapanda baiskeli ukiwa umelowa na upepo unakupiga. Dakika kumi hadi ishirini za kwanza barabarani ndizo mbaya. Kutetemeka kunafika kwenye usukani, baiskeli nzima inacheza.

Mikono ndiyo shida kubwa. Kanuni inataka helmeti ifungwe kabla hujagusa baiskeli, na kile kibano chake kidogo, ukiwa na ganzi, hukipati. Nimewaona watu wenye miili ya chuma wamesimama wanakipapasa kidevuni, wanaangaliana. Fanyeni zoezi hili nyumbani: zamisha mikono kwenye ndoo ya barafu mpaka ife ganzi, kisha funga helmeti, vaa soksi, fungua pakiti ya chakula. Kisichowezekana hapo nyumbani, kibadilishe. Chakula kifunguliwe kabla. Soksi zikunjwe tayari kwa kuvaa. Taulo dogo na kizibao cha kuzuia upepo viwe juu ya kila kitu. Kujifuta kifua na kuvaa kizibao hakuli hata dakika moja, na dakika hiyo utairudisha mara nyingi.

Breki nazo ni mikono. Kama huwezi kubana breki kwa nguvu, usishuke kilima kwa kasi uliyozoea. Njia ya pale inapita bustani ya Presidio, inapanda mpaka karibu na jumba la makumbusho la Legion of Honor halafu inashuka, na ukungu unalowesha lami bila tone la mvua kunyesha. Mistari ya rangi na vifuniko vya chuma vya mashimo barabarani vinateleza vibaya. Shusha upepo wa tairi kidogo, bana breki kabla ya kona badala ya ndani ya kona, na ukiwa na gurudumu la mbele la rimu pana liache nyumbani siku ya upepo. Upepo wa pale unatokea penye pengo la majengo au miti, haukupi nafasi ya kujiandaa.

Gia nyepesi, miguu izunguke haraka. Ndiyo inayokurudishia joto.

---

Mbongo_Leeds

Salaam kutoka Uingereza. Sijafika San Francisco, lakini mji wangu ulifanya triathloni ya dunia kuanzia 2016 hadi 2022, kuogelea kukiwa ziwa la Waterloo pale Roundhay Park. Ni mji wa kina Brownlee, wale ndugu wawili. Alistair alichukua dhahabu London 2012 na Rio 2016, Jonathan akachukua shaba kisha fedha. Ziwa halina mkondo kama wenu, ila hali ya hewa ya Juni inabadilika kabla hujamaliza kufunga viatu.

Nataka kuongezea kanuni, maana watu hushangaa asubuhi ya mbio. Kwenye mashindano ya World Triathlon, kwa washiriki wa kawaida wa mita 1,500, suti inakatazwa maji yakifika nyuzi 22, ni lazima yakiwa chini ya 16, na chini ya 12 kuogelea kunafutwa. Na hewa ikiwa baridi kuliko maji, kipimo kinarekebishwa kwenda chini. Kwa hiyo maji yanaweza kusoma vizuri na bado wakafupisha umbali kwa sababu ya upepo na mvua. Suti yenyewe isizidi unene wa milimita 5. Mbio za binafsi kama za Alcatraz zina kanuni zake, msome za kwao.

Umbali ukifupishwa, usigombane na mwamuzi. Yeye amesimama na kipimajoto toka alfajiri na ana watu 2,000 wa kurudisha kwao. Mimi nafungasha kila mara nguo za hali mbili, jua na mvua, na naamua pale pale asubuhi.

---

Dogo_Mbezi

Wakuu, na papa je? Hakuna aliyegusia.

---

Mtongoni

Dogo_Mbezi, papa wapo ghubani lakini ni aina zisizohangaika na watu. Papa weupe wakubwa makazi yao ni nje, bahari kuu. Wanyama unaoweza kukutana nao ana kwa ana ni simba-bahari. Desemba 2017 waliwauma waogeleaji pale Aquatic Park mpaka ufukwe ukafungwa kwa muda. Ukimwona mmoja, mpe nafasi, usimfuate kumpiga picha. Lakini nakwambia kwa dhati, kama una dakika kumi za kuhofia kitu, zitumie zote kwenye mkondo.

Gurudumu_Arusha na Nesi, Mungu awabariki. Post zenu nitaziunganisha kwenye ya kwanza ili mgeni azikute juu.

---

Bahari_Kilifi

Ndugu yangu, kwa mkondo basi, nisaidie jambo moja. Sisi huku maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili, na vina vyake karibu vinalingana. Nahodha akijua mwezi una siku ngapi anajua na maji. Huko hesabu hii inafanya kazi?

---

Mtongoni

Inafanya kazi nusu. Huko pia ni mara mbili kwa mara mbili, lakini hazilingani. Kuna kujaa kukubwa na kujaa kudogo, kupwa kukubwa na kupwa kudogo, siku hiyo hiyo moja. Bamvua ipo kwa mwezi mpevu na mwezi mwandamo kama kwetu. Ila ukitumia umri wa mwezi peke yake utakosea nguvu ya mkondo wa saa ile, kwa sababu hujui umeangukia kupwa gani kati ya mbili. Halafu kitu kingine: saa maji yanapofika kina cha mwisho ufukweni siyo lazima iwe saa mkondo unaposimama katikati ya ghuba. Kuna jedwali la kina na kuna jedwali la mkondo, vitu viwili. Soma la mkondo. Waandaaji huchagua saa ya kuruka kwa kufuata hilo, na kwenye mkutano wa siku moja kabla wataeleza maji yatakuwa yanafanya nini toka dakika ya kwanza hadi mtu wa mwisho. Aliye mwepesi na aliye mzito hawakutani na maji yale yale. Mwenye kasi anaweza kuvuka mkondo haujaamka, anayefuata nusu saa nyuma anaukuta umekaza. Kwa hiyo jiulize wewe utakuwa wapi saa ngapi, ulenge kwa maji yako.

---

Mama_Nasra

Nimerudi kutoa mrejesho. Nimemsomea yote, mpaka ya makohozi. Ameweka miadi na daktari wa moyo wiki ijayo, na amekubali mwaka huu akiruhusiwa aingie mbio fupi ya mita 750 kwanza. Ameniuliza kama mtu wa ufukweni wa kumtazama anaweza kuwa mimi. Nikae namna gani, niangalie nini?

---

Nesi_Minnesota

Alhamdulillah dada. Ndiyo, uwe wewe. Simama mahali anapokuona kila akiinua kichwa. Usiogelee kumfuata kamwe. Uwe na simu yenye chaji, boya la kurusha lenye kamba, taulo, kofia ya sufu na nguo pana zisizo na vifungo. Mpangie dakika kabla hajaingia, na zikifika mwite hata kama anasema bado. Akitoka mvue vilivyolowa, mfute, mvishe kuanzia kifuani, mkalishe, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Asioge maji ya moto papo hapo, anaweza kuzirai. Asiendeshe gari mpaka kutetemeka kuishe. Na msemeshe. Akianza kujibu ovyo au maneno kuburuzika, hapo piga simu ya dharura, usingoje.

---

Mswahili_wa_Maskati

Nimenunua kipimajoto na pipa la lita 200. Mke wangu amekubali kukaa na saa. Mtongoni, nikishapata tarehe rasmi nikutumie tuangalie lile jedwali la mkondo?

---

Mtongoni

Nitumie humu humu ili na wengine wajifunze kulisoma. Na uniandikie unaogelea mita 100 kwa muda gani ukiwa na suti, bila hivyo siwezi kujua mkondo utakukuta wapi.